Mtoto anapimwa kilo, mama haulizwi kitu

Ingia kwenye shule yoyote ya msingi ya Bukavu, Uvira ao Goma wakati mwalimu anaita listi, usikilize majina. Furaha yuko, Neema yuko, Zawadi na Bahati hawakosekani. Lakini utasikia pia Mateso, Vumilia, Tabu, Machozi, Siuzike, Sikitu. Watoto wanaitika bila kuwaza, kwao ni majina tu. Mimi ndiye ninabaki na maswali. Siku Machozi anazaliwa, nani alikuwa analia? Na Vumilia, aliitwa hivyo ili avumilie yeye, ao mama yake ndiye alikuwa anaambiwa neno hilo kila asubuhi?

Kwetu mama hana ruhusa ya kusema: nimezaa, mtoto ni mzima, na bado sina furaha. Akisema hivyo watu watashika kichwa. Ruhusa aliyo nayo ni kuweka neno hilo kwenye jina la mtoto. Mtoto atalibeba maisha yake yote, kwenye kadi ya kura, kwenye diploma, na hakuna atakayeuliza lilitoka wapi.

Ninaandika haya juu ya jirani mmoja wa Kadutu. Jina lake sitalisema, na yeye mwenyewe amekubali nisimulie. Katikati ya mwaka wa 2025 alikuwa na mtoto wa tatu, wa wiki tano. Bwana yake alikuwa Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili, pesa ilikuwa inafika kwa shida, masiku mengine hata simu haipatikani. Mama yake mzazi, ambaye alikuja kumhudumia kwa uzazi wa kwanza na wa pili, alikuwa amekimbia kutoka upande wa Luvungi. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua vizuri kama yuko Uvira ao alivuka Burundi. Basi huyu mama alitoka maternite na mtoto mikononi, na kesho yake tulimwona ameinama anafua.

Asubuhi moja akamlaza mtoto kwenye mkeka wa jirani, akasema: "Unishikie kidogo, ninakwenda kununua sabuni." Hakurudi. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Karibu saa sita ya mchana kijana mmoja wa moto akamkuta chini kabisa, karibu na beach Muhanzi, pale boti zinashusha mizigo. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, bila viatu, anaangalia maji. Maziwa yalikuwa yamelowesha kikwembe chake mpaka kiunoni. Kijana alimpandisha kwenye moto, akamrudisha, na hakutaka pesa.

Kwenye parseli hukumu ilikuwa imeshatoka mbele hata hajafika. "Mama gani anaacha mtoto wa wiki tano?" Mmoja alisema ni pepo, apelekwe kwenye chumba cha maombi. Mwingine alisema ameona vile bwana yake ameoa huko machimboni. Mwingine, mwanamke mwenzake, mwenye watoto saba, alitema mate chini.

Koko mmoja, mzee kuliko wote kwenye parseli ile, hakuuliza kitu. Alichukua mtoto, akamnyonyesha mama yake vile vile akiwa ameketi mlangoni, kiisha akamwekea maji ya moto, akamsugua mgongo, akamkanda tumbo, akampa uji wa sosoma, akamwambia: "Sasa lala. Mtoto akisikia njaa nitakuamsha." Alilala mpaka saa kumi ya mangaribi. Alipoamka ndipo alianza kulia, na ndipo alisema neno ambalo mimi sijalisahau: "Nilikuwa ninamsikia analia hata akiwa amelala. Niliogopa mikono yangu. Niliona heri niwe mbali naye."

Sisi tulikuwa tumesema ni mama asiyependa mtoto wake. Kumbe alikuwa ametoka kwenye nyumba ili kumlinda.

Usingizi wa siku moja haukumponya, nisije nikamdanganya msomaji. Munganga wa kituo cha afya alimtuma kwa mwanasaikolojia, na ilichukua miezi kadhaa. Lakini ninarudia mara nyingi mawazoni ile wiki tano ya mbele. Mtu huyu alikuwa anaonwa na watu kila siku. Tulikuwa tunapita mlangoni, tunamsalimia, tunabeba mtoto, tunasema anafanana na baba yake. Alikwenda kwenye chanjo. Alikwenda kanisani kutoa shukrani, akasimama mbele na mtoto, tukapiga makofi. Kwenye kituo cha afya mtoto aliwekwa kwenye mzani, kilo zake zikaandikwa kwenye karatasi, muuguzi akafurahi kuona mstari unapanda. Mama alikuwa pale mkono kwa mkono na ule mzani. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Waganga wanatofautisha mambo ambayo sisi tunayachanganya. Kuna machozi ya siku za kwanza. Maziwa yanaingia, mwili unabadilika kwa haraka, usingizi haupo, na mama anaweza kulia kwa sababu mtu amesogeza kikombe. Hayo yanapata wamama wengi sana, na kwa kawaida yanapita yenyewe ndani ya wiki mbili kama kuna mtu wa kumsaidia na kumwacha apumzike. Haina lazima ya dawa.

Jambo la pili halipiti. Wiki ya tatu, ya sita, mwezi wa nne, mama bado anaamka na uzito uleule. Halali hata mtoto akiwa amelala. Chakula hakina ladha. Anajiona hana maana. Wengine hawasikii upendo wowote kwa mtoto na wanaona haya kuusema. Wengine wanapata mawazo ya kutisha, kwamba watamwangusha mtoto ao watamfanyia vibaya, na mawazo hayo yanaweza kumwingia mama ambaye hana nia hiyo hata kidogo, yanamtisha yeye kwanza. Wengine wanaanza kuwaza kwamba heri wafe. Huo ni ugonjwa, una jina, depresio ya baada ya kuzaa, na unatibika. OMS inasema kwamba duniani wamama karibu 13 kwa 100 waliotoka kuzaa wanapata matatizo ya akili, zaidi sana depresio hiyo. Kwa inchi zisizo na mali inakuwa karibu 20 kwa 100. Hesabu hiyo kwa parseli yako, kwa shirika lako, kwa listi ya chanjo ya kartie yako: ni mama mmoja kwa watano.

Na kuna hali ya tatu, ya nadra, mama 1 ao 2 kwa 1000, ambapo anachanganyikiwa kabisa, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anasema mambo yasiyoeleweka. Hiyo haingoji kesho, na haingoji maombi ya siku tatu kavu. Mama huyo habaki peke yake wala hata saa moja, anapelekwa kwa munganga siku hiyohiyo. Bukavu SOSAME ipo, Goma Tulizo Letu ipo. Ninasema hivi nikiwa mtu wa maombi mimi mwenyewe. Mtu akivunjika mguu tunamwombea tukiwa njiani kwenda hospitali.

Ninajua neno ambalo baadhi ya wasomaji wameanza kulisema: hii ni magonjwa ya wazungu. Mama zetu walizaa watoto kumi, wakalima, wakatwanga, na hakuna aliyekuwa na depresio. Nilisema hivyo mimi pia. Halafu nilimuuliza mama yangu, mwanamke wa mlimani, aliyezaa tisa na kuzika wawili. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba kwa uzazi wa nne alikaa "bila kuwa mtu" kuanzia mavuno mpaka mavuno. Hana jina la ule ugonjwa. Lakini alikumbuka kitu kingine: mama yake mdogo alikuja akakaa naye miezi mitatu, na hakumruhusu kugusa jembe.

Hapo ndipo ninaona sisi tumepoteza kitu bila kusikia kishindo chake. Zamani mama aliyezaa alikuwa na mtu. Mama yake, dada yake mkubwa, shangazi ya bwana. Mtu huyo alikuja na mfuko wake, akapika, akakanda, akafua, akamkimbiza bwana nje ya chumba, akafukuza wageni wanaokawia. Hakuwa anaitwa mwanasaikolojia. Alikuwa anakaa tu pale, na kwa kukaa pale aliona. Aliona kama mama anakula. Aliona kama anamwangalia mtoto ao anaangalia ukuta.

Mtu huyo leo yuko wapi? Yuko kambini, ao yuko Burundi, ao yuko kijijini na barabara imefungwa. Mwezi wa pili wa 2025 kambi zilizokuwa zinazunguka Goma zilivunjwa kwa siku chache, na jamaa zilizokuwa zimekaa pamoja miaka miwili chini ya turubai zikatawanyika kila moja upande wake. Hata mbele ya hapo, mji ulikuwa umeshaanza kazi hiyo. Watu sita wanalala kwenye chumba kimoja cha mbao. Mama mkwe akija kuhudumia, atalala wapi? Na tiketi ya kumleta ni posho ya wiki mbili. Kwa hiyo anapiga simu, anasema "hongera", anatuma franka kidogo kwa simu kama anazo. Simu haiwezi kukanda mgongo.

Desturi ya wageni ilibaki, ile ya huduma ikapotea. Bado tunakwenda kusalimia mzazi. Tunakwenda na sabuni, sukari, pengine kipande cha kikwembe, na hiyo ni vizuri. Lakini tunaketi saa mbili, tunangoja chai, na anayetupikia chai ni yule mwenye mshono. Ukitaka kujua namna tumefika, hesabu tu mara ngapi umeenda kuona mtoto na ukatoka bila kuosha hata sahani.

Leta kwa upande wake inafanya mambo fulani. Mpango wa uzazi wa bure ulianza Kinshasa mwaka wa 2023, na mahali unapofika, mama anaweza kutoka maternite bila deni. Si jambo dogo: tunajua wamama walioshikiliwa hospitalini wiki nzima ao zaidi juu ya bili, wakinyonyesha kwenye kitanda ambacho si chao tena. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mama mfanyakazi likizo ya wiki 14 na theluthi mbili ya mshahara wake. Lakini hapa kwetu ni mama gani ana mkataba wa kazi? Anayeuza sambaza Nyawera, anayepika mikate, anayevuka mpaka kila asubuhi na nyanya kichwani, likizo yake inaisha siku unga umeisha ndani. Wengine ni siku ya kumi na mbili. Anamwacha mchanga kwa dada yake wa miaka tisa, na huyo wa miaka tisa anaacha shule siku hiyo. Ni mtoto anayelea mtoto. Mangaribi mama anarudi na maziwa yamejaa mpaka yanauma, anamkuta mtoto amechoka kulia, na mkubwa naye amekasirika. Ndani ya nyumba hiyo nani atalala na moyo mweupe?

Uchunguzi wa afya wa 2013-2014 katika inchi yetu ulionyesha kwamba wakati huo mwanamke wa Kongo alikuwa anazaa kwa wastani watoto 6,6. Ina maana hali hii si ya mara moja katika maisha. Anairudia tena na tena, na mara nyingi hajatoka vizuri kwenye ile ya nyuma.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliomba, maana kulalamika peke yake ni kazi rahisi. Ninaomba kwamba siku ya mzani mama naye aulizwe.

Si fikra yangu. Mwaka wa 2022 OMS ilitoa mashauri juu ya huduma ya baada ya kuzaa: mama na mtoto waonwe angalau mara nne ndani ya wiki sita za kwanza, na mama achunguzwe kama ana depresio ao wasiwasi mkubwa. Kipimo chenyewe kipo tangu 1987, kinaitwa Edinburgh, ni maswali 10 tu. Hakihitaji mashine wala umeme wa SNEL. Yanauliza kama mama ameweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama anaogopa ovyo, kama huzuni inamzuia kulala, kama amewaza kujiumiza. Muuguzi anaweza kuyamaliza mbele mtoto hajavuliwa nguo ili apimwe.

Najua jibu la wauguzi, nimelisikia: tuko wawili, wamama themanini wako kwenye foleni, na prime haijalipwa tangu lini. Wana haki. Nani ataongeza kazi kwa mtu ambaye hajalipwa? Lakini tuangalie Pakistani, vijijini, mahali ambapo hakuna waganga wa akili wa kutosha sawa na hapa. Mwaka wa 2008 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya kazi iliyofanyika huko. Walichukua wanawake wajumbe wa afya wa kijiji, watu wenye diploma ya sekondari, wanaofanana kabisa na RECO zetu. Wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuongea na mama mwenye depresio: kumsikiliza, kumsaidia kugeuza mawazo yanayomvunja, kuingiza jamaa yake kwenye msaada. Wakamtembelea nyumbani tangu mwisho wa mimba. Wamama wote walikuwa na depresio mwanzoni. Mtoto alipofika miezi sita, kwa wale waliotembelewa kwa njia hiyo ni 23 kwa 100 waliobaki wagonjwa. Kwa wale waliotembelewa kwa desturi, bila mafundisho hayo, ni 53 kwa 100. Haikuwa hospitali mpya, wala dawa ya bei kali. Ilikuwa mwanamke wa kartie anayejua kuuliza na anayerudi.

Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006, wakoko wanafundishwa kuketi kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kusikiliza watu wenye mizigo ya moyo. Na hapa kwetu, Panzi, wanawake waliopatwa na ubakaji wanapewa mtu wa kuwasindikiza, wale wanaoitwa maman chérie, na anatembea nao tangu mlangoni mpaka kutoka. Kwa hiyo tusiseme kwamba Mkongomani hajui kazi hii. Koko wa Kadutu hakusoma Lancet.

RECO wanapita kwenye nyumba zetu juu ya chandarua, juu ya polio, juu ya kipindupindu. Wawe na swali moja zaidi. Nimejaribu kutafuta namna ya kuliuliza kwa Kiswahili chetu, kwa sababu ukimuuliza mama "uko na depresio?" atakuambia hapana, na ukimuuliza "habari?" atasema nzuri, hata kama nyumba inawaka. Bora kumuuliza: "Wewe mwenyewe, unalala? Mtoto akilala, wewe unapata usingizi?" Hilo haliaibishi mtu. Kiisha ngoja. Usijibu kwa niaba yake. Usimwambie kuna wengine wanatafuta mtoto hawapati. Neno hilo, "wengine wanatafuta", limefunga midomo mingi kuliko jambo lolote ninalolijua.

Niseme kidogo pia juu ya mama aliyepoteza. Kwetu mtoto aliyekufa tumboni ao siku ya kwanza anazikwa haraka, mara nyingi mama akiwa bado kitandani, hajamwona uso. Watu wanamwambia: "Utapata mwingine." Wanafikiri wanamfariji. Maziwa yake yanaingia siku ya tatu sawa na ya mama yeyote, na hakuna wa kuyanyonya. Hawekwi kwenye listi ya chanjo, kwa hiyo hata ule mzani hatauona, na hakuna muuguzi atakayekutana naye tena. Kama RECO ana nyumba moja tu ya kupita wiki hii, apite kwa huyo.

Na wababa? Nimeambiwa na mwanaume mmoja, baba wa watoto wanne, kwamba mimi ninaandika sawa vile wanaume hawana moyo. Hapana. Tangu benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, nimeona wanaume walioketi mlangoni kutwa nzima, watu waliokuwa wanavaa viatu vya kupigwa rangi kila asubuhi, sasa wanangoja bibi arudi sokoni na unga. Haya yao inageuka hasira, ao kimya, ao pombe kali ya vichupa vidogo, na yote hayo yanaingia kwenye chumba kimoja na mchanga wa wiki tatu. Anayesema kwamba mama peke yake ndiye anaumia hajaishi kwenye nyumba hizo.

Lakini kwa hiyohiyo sababu ninamwambia baba: wewe uliye nyumbani mchana, wewe ndiye mama mkwe ambaye hakufika. Kuchota bido mbili za maji hakupunguzi mali uliyotoa. Kumbeba mtoto usiku saa nane ili mwenzako alale masaa manne ya mfululizo ni dawa. Mwanasaikolojia atakuambia vile vile, na utamlipa. Watu wa balabala watacheka. Mmoja wa kartie yetu walimcheka wiki mbili alipokuwa anaanika nguo za mtoto. Wiki ya tatu walichoka, na nguo zikaendelea kukauka.

Kwa wachungaji na mapadri wetu ninaomba kitu kidogo tu. Siku ya shukrani, wakati mama anasimama mbele na mtoto wake, tunaimba, tunapiga makofi, tunamwambia jinsi gani Mungu amemtendea mema. Ni kweli amemtendea. Lakini mtu anayepigiwa makofi hana nafasi ya kusema kwamba usiku uliopita alitaka kukimbia. Shirika ao kundi la wamama liwe na wawili wanaojulikana kwa kufunga mdomo, na hao waende nyumbani kwake siku ya tano, ya kumi na ya arobaini. Waende na ndoo. Waende bila hotuba.

Jirani yangu wa Kadutu ameanza tena kuuza mikate. Mama yake alipatikana, yuko Burundi kwenye kambi ya wakimbizi, wanaongea kwa simu siku za Jumapili kama kuna mtandao. Mtoto anatembea, anaingia kwenye kila mlango bila kubisha. Kila Jumamosi asubuhi anapelekwa kwa yule koko mpaka mchana, na mama yake anafunga mlango, analala. Wengine kwenye parseli bado wanasema ni uvivu. Wiki iliyopita yule mwenye watoto saba, aliyetema mate chini siku ile, alikuja kumuuliza koko kama Jumamosi kuna nafasi ya mtoto wa pili.